Tiketi ya Mami

Kiganjo, Thika
8 Septemba 1996

Kaka Muzammil,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, isipokuwa Mama, na ndiyo sababu ninaandika. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nikipiga dukani kwako Ruiru, Mbithe muuzaji wako huniambia uko Dubai, au umerudi lakini umelala, au umeamka lakini unajitayarisha kwenda Dubai. Na siku nikikupata unasema, "Sawa sawa Tausi, nimekusikia," halafu kesho hukumbuki ulisikia nini. Karatasi utaishika mkononi, na hutaniambia laini ilikuwa mbaya.

Jumatano nilimpeleka Mama hospitali. Miguu imevimba hadi viatu vyake havimwingii, sasa anavaa slipa zangu. Daktari anasema ni moyo. Amempa vidonge vya kutoa maji mwilini, amemkataza chumvi, kisha akaniita kando akaniambia kama kuna jambo lolote mama anatamani kulifanya, alifanye mwaka huu. Alilisema kwa upole, lakini nilielewa. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka macho yakakauka, ndipo nikarudi kumchukua.

Jambo analolitamani unalijua. Tangu mwaka wa tisini na nne ulipomwambia kwamba maili zako za ndege zitampeleka Makka kwa umra, hajaacha kulitaja. Pasipoti alichukua, ukaiweka wewe. Kila ukisafiri yeye husema, "Huyo ameniongezea maili." Majirani wote wa hii plot yetu ya kupanga wanajua. Mama Waceke, ambaye ni mtu wa kanisa na Makka haijui iko upande gani, huniuliza kila Jumapili kama maili zimetosha.

Sasa na mimi nakuuliza. Zimetosha au hazijatosha? Nijibu kwa karatasi.

Hayat mwanao yuko sawa, amekuwa wa nne darasani. Ndiye anayemsaidia Mama, cucu yake, kupanda kitandani mimi nikiwa kwenye cherehani. Anakusalimia.

Dada yako,
Tausi

*

Ruiru
19 Septemba 1996

Dada Tausi,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata jana niliporudi, na imenikata maini. Yaani daktari alisema hivyo kweli? Hawa madaktari wengine hupenda kutisha watu. Lakini nimekusikia, na safari hii nimekusikia kwa karatasi, kwa hivyo usinicheke.

Maili zimetosha. Sitakudanganya. Zimetosha tangu mwezi wa sita. Lakini kuna jambo ambalo hulielewi, na si kosa lako, hata mimi lilinichukua muda. Wacha nikueleze polepole.

Hili shirika la ndege limenipa kadi ya dhahabu. Si kadi ya mapambo. Kadi hiyo inanipa kilo ishirini za mizigo juu ya zile za watu wengine, bure, na hizo kilo ishirini ndizo biashara yangu. Wenzangu wanafungua mabegi pale kaunta, wanatoa pasi za umeme na redio na kuziacha sakafuni huku wanalia. Mimi napita. Halafu ndege ikijaa, mwenye kadi ndiye anayepewa kiti kwanza hata kama wengine wamelala pale uwanjani. Kuna na chumba cha kungojea, viti vya ngozi, chai haina mwisho, na msichana wa pale ananiita Mister Muzammil. Huku Ruiru vijana wa soko wananiita Gold. Najua unacheka. Lakini Baba yetu marehemu Waleed alikufa akiwa anaitwa "wewe fundi" hata na watoto aliowashonea kaptura. Kwangu mimi kuitwa Mister si kitu kidogo.

Sasa, kadi hupimwa kila mwaka. Ikifika tarehe thelathini na moja Desemba lazima uwe umefikisha maili zao, la sivyo wanakurudisha kwenye ile ya buluu, ambayo hata anayepanda ndege mara moja anapewa. Nikimkatia Mama tiketi kwa maili, zile maili zinatoka, na mimi ninashuka. Hata nisipozigusa bado nahitaji safari mbili kabla ya mwaka kuisha, na soko la sasa linatosha safari moja tu. Nisafiri mikono mitupu ili kulinda kadi? Au niiache iende na nianze upya na buluu katika umri huu? Hilo linanisumbua kuliko unavyodhani.

Nipe muda. Mwaka mpya ukianza hesabu nayo inaanza upya, nitampeleka mwezi wa tatu bila wasiwasi. Miezi sita si mingi.

Nisalimie Mami mkubwa na Mami mdogo.

Kaka yako,
Muzammil

*

Kiganjo
27 Septemba 1996

Kaka,

Nimekusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama.

Miezi sita si mingi kwako wewe unayekunywa chai isiyo na mwisho. Huku Mama akitoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Nilikuambia maneno ya daktari ili uyaelewe, na wewe umeniandikia ukurasa mzima wa kilo.

Basi tuzungumze hizo kilo, kwa kuwa ndizo lugha yako. Unanunua zaidi kwa sababu unaweza kubeba zaidi. Ukishanunua, vitu vinakaa. Nilikuja hapo dukani mwezi wa nne nikaona redio zimepangwa hadi dirishani, hata mwanga hauingii. Kisha unasafiri tena, si kwa sababu bidhaa zimeisha, ni kwa sababu kadi inaweza kuisha. Niambie, hapo nani anamtumikia mwenzake? Hayat alipozaliwa ulikuwa angani. Alipofiwa na mama yake ulikuwa angani pia, na ndivyo mtoto alivyofika kwangu na begi moja. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu kwa hilo sasa. Nakuuliza tu kama umewahi kuketi chini ukapima, upande huu kadi, upande huu vitu ilivyokula.

Na wewe na Mami zako! Desturi naijua, mtoto amebeba jina la mama yako, kwa hivyo naye ni mama yako na unamwita Mami. Lakini uko mbali, husikii. Siku ukija ukaita "Mami!" uani, wote wawili wanaitika, mmoja kutoka kitandani na mwingine kutoka chooni, na mimi ndiye ninayekimbia katikati.

Mama hajui kama nimekuandikia. Alinikuta na kalamu akadhani naandika vipimo vya sare. Usimwache mwenye kukuombea dua kila alfajiri akangoja kipande cha plastiki.

Tausi

*

Ruiru
21 Oktoba 1996

Dada Tausi,

Andika unavyotaka, ulimi wako umeanza zamani. Lakini leo utanishukuru.

Nimepata njia! Nimekaa na kile kitabu chao cha masharti nikakisoma mpaka mwisho, na nimepata njia ya kuiokoa kadi na kumfurahisha Mami kwa mpigo mmoja. Nimemkatia tiketi. Tunaondoka Jumamosi tarehe 14 Desemba, ndege ya jioni, mimi na yeye, tukae siku sita. Nitakuja kumchukua Kiganjo mwenyewe asubuhi. Mambo ya pasipoti usijali, yako kwangu.

Mwambie atayarishe nguo nyepesi, huko ni joto. Mwambie asiogope ndege, nitakaa naye nimemshika mkono toka kupaa mpaka kutua. Siku nyingi nimemuahidi Mami kitu na sijatimiza, hata mimi moyo ulikuwa unaniuma.

Kesho naondoka kwenda kuagiza bidhaa za mwisho wa mwaka, nitazunguka mpaka karibu mwanzo wa Desemba, kwingine kwa basi na meli. Usipopata barua yangu usinune.

Kaka yako,
Muzammil

*

Kiganjo
17 Novemba 1996

Kaka yangu, kaka yangu,

Nimekutukana sana moyoni mwaka huu na naomba radhi kwa kila tusi. Nilimsomea Mama barua yako hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Soma tena pale kwa mkono." Nikasoma, nitakaa naye nimemshika mkono. Akavuta leso akajifunika uso mzima.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Chumvi haiulizi. Vidonge anakumbuka mwenyewe. Nimempeleka kudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa na watu wa Makka, hakulalamika. Nguo nimemshonea mimi, pamba nyeupe, nimeacha upana miguuni kwa ajili ya uvimbe. Hiyo kazi sikuruhusu mtu mwingine aiguse, hata kufunga kifungo.

Lakini sikia hili. Unajua anayekwenda kule hawezi kwenda na kinyongo cha mtu. Basi Mama ameamua kuaga na kuomba radhi kwa kila mtu, na amesema kila mtu ni kila mtu. Ameanza na hii plot. Amekwenda kwa mama muuza mboga waliyegombana juu ya kamba ya nguo. Amemwomba radhi Mama Waceke kwa kumwita kipaza sauti, na Mama Waceke alikuwa hajui aliitwa hivyo. Mzee Bedan wa kiosk alimwambia, "Cucu, wewe hujanikosea," naye akajibu, "Basi nisamehe nililokuwa nimelifikiria." Nilikuwa nimeshika kiti cha plastiki nyuma yake, kila nyumba namwekea anaketi.

Na wiki jana alitaka Ngoliba. Ndiyo, kwa Tata Wangeci! Dada yake wa damu ambaye hawajasemezana tangu Mama aliposilimu na kuolewa na Baba. Bedan alitupeleka na pikapu yake. Tulimkuta Tata akipepeta mbaazi kwenye jua. Mama alishushwa, akawekwa kwenye kiti, akamwambia kwa Kikuyu, naenda mbali, sijui kama nitarudi, nimekuja uniachilie. Tata aliangusha ungo. Walilia wote wawili kama watoto waliopotezana sokoni. Tulirudi na gunia la mbaazi na kuku wawili, na Tata amesema siku ya tarehe 14 atakuja kumsindikiza.

Nilipiga simu dukani kukuambia, Mbithe akasema hujarudi. Nimemwachia ujumbe.

Watu wanamletea Mama majina ya kuombewa. Mama Waceke naye ameleta jina la mwanawe asiye na kazi, ameliandika kwa herufi kubwa ili Mungu asikosee.

Mungu akulinde huko uliko.

Dada yako anayekupenda,
Tausi

*

Kiganjo
16 Desemba 1996

Muzammil,

Najua utaisoma hii ukirudi. Naiandika sasa kwa sababu nikingoja nitaipunguza.

Wewe uliona kwa dakika kumi. Wacha nikuambie ilivyokuwa kabla hujafika. Mama aliamka alfajiri, nikamwogesha, nikamvika nguo nyeupe. Alitaka akae nje ili watu wasibanane ndani. Walikuja wote. Tata Wangeci alifika na basi la kwanza kutoka Ngoliba, hakuwa amekunywa hata chai. Ostadh alisoma dua. Mama Waceke na watu wa kanisa lake walisimama kando na vichwa vimeinama. Begi la Mama lilikuwa miguuni, na ile karatasi ya majina ameishika mkononi.

Ukashuka kwenye gari, ukatutazama wote, ukauliza kwa furaha, "Kuna harusi?" Kisha ukaita, "Mami! Uko tayari? Twende tusichelewe!" Na Mama akaanza kuinuka.

Nataka ujue kwamba niliuona uso wako wakati huo. Ulimtazama Mama anainuka, ukatazama begi, ukanitazama mimi. Hayat alikuwa amesimama mlangoni na nguo ya nyumbani, hakuna aliyemwambia lolote, kwa kuwa hakuna aliyejua. Ukamnyooshea Hayat kidole, ukasema kwa sauti ndogo, "Tausi, nilisema Mami. Si ndiye huyu, Mami. Namwonyesha Dubai."

Mimi ningepiga kelele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini Mama alikuwa ameelewa kabla yangu. Alishika bega langu akajinyoosha, akawaambia watu, "Safari yangu mimi imesogezwa mbele kidogo. Leo anatangulia mjukuu. Nashukuru mmekuja, tumwombeeni mtoto afike salama." Akamwita Hayat, akamwambia akavae nguo nzuri. Akatoa zile chupi zake mpya na leso kwenye begi, akamwekea mtoto vyake. Alifanya hivyo ili wewe usiaibike mbele za watu, Muzammil. Umekuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja na bado anakufunika.

Na wewe ulimpeleka. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Kosa la jina ningelisamehe siku hiyo hiyo, lingekuwa la kuchekesha hata. Lakini ulikuwa na muda wa kusema, hapana, leo hatuendi. Ulitazama saa. Nilikuona. Ukasema tiketi hairudishwi, ukasema ukienda na mtu wa familia kabla ya mwaka kuisha safari inahesabiwa mara mbili. Ulinieleza hesabu, Mama akiwa bado amesimama na nguo nyeupe.

Tata Wangeci alibaki hadi jioni. Mama hajatoka kitandani tangu siku hiyo.

Tausi

*

Ruiru
23 Desemba 1996

Tausi,

Hayat nimemleta jana, umeona, sikuweza kuingia. Nilimwacha langoni nikakaa ndani ya gari mpaka nikamwona amefunguliwa mlango.

Barua yako ya Novemba niliikuta kwenye sanduku la posta baada ya safari. Mbithe alikuwa ameenda kwao likizo na ufunguo. Alichoniachia mezani ni kikaratasi, ameandika, "Tausi amepiga, anasema Mami yuko tayari." Nilifurahi nilipokisoma. Niliamini tumeelewana.

Sina la kujitetea juu ya asubuhi ile. Niliogopa. Nilipoona wale watu wote nilitaka kuondoka pale haraka, na kadi ikanipa sababu. Hiyo ndiyo kweli. Huko Dubai Hayat alinunuliwa kila alichogusa, na jioni aliniuliza kama cucu amenikasirikia au amemkasirikia yeye.

Kuna jambo lingine, na nalisema kwa sababu ukilisikia kwa mtu mwingine itakuwa vibaya zaidi. Leo nimekwenda ofisi ya shirika Nairobi kuulizia maili, nikaambiwa kadi imepita, ni ya dhahabu mwaka mwingine. Nikauliza, sasa nikimkatia mama yangu tiketi ya Jidda kwa maili nitashuka? Yule msichana akashangaa. Akasema hesabu ya tiketi ni moja na hesabu ya kadi ni nyingine, hazigusani. Hazijawahi kugusana. Nilikuwa nimekisoma kitabu chao vibaya. Mama angeweza kwenda tangu mwezi wa sita, na kadi isingepungua hata kidogo. Niliomba kiti nikakaa.

Tiketi yake nimeikata pale pale. Jina lake kamili, kama lilivyo kwenye pasipoti. Ni tarehe 28 Januari, ndani ya Ramadhani, mimi na yeye. Mwambie. Nitambeba mgongoni ikibidi.

Muzammil

*

Kiganjo
2 Januari 1997

(Haya ni maneno ya Mama. Mimi nimeandika tu. T.)

Muzammil, baba,

Barua yako nimesomewa yote. Usilie juu ya kitabu cha Kiingereza. Hata mimi nilipotoka kwetu Ngoliba nilikuwa nasoma mambo mengi vibaya, na nimeishi.

Nimekusamehe. Nilikusamehe nikiwa bado nimesimama pale uani, Tausi hajui kwa sababu yeye alikuwa na hasira mbele ya macho. Kama ni radhi yangu unayo, ifunge mfukoni, usije ukaiuliza tena.

Lakini Makka siendi. Sikiliza vizuri ili usidhani ni kununa. Mimi nilishaaga. Nilikwenda kwa kila mtu niliyemkosea, nikamtazama usoni, nikamwambia nisamehe naenda. Nilitoa yote niliyokuwa nayo, mwanangu. Sasa niwaendee tena na kusema naaga mara ya pili? Mama Waceke ataniamini, ndiyo, lakini mimi sitajiamini. Nguvu ile ilikuwa ya kwenda mara moja. Na nikipima mwenyewe, naona Ngoliba nilifika. Dada yangu huja kila Jumanne sasa na mbaazi, tunakaa. Mungu anajua nilikuwa nimeshavaa.

Tiketi mrudishie mwenyewe au mpe mtu mwingine.

Nina maombi mawili tu. La kwanza, mtoto muite Hayat. Tangu arudi ukitajwa anajificha, anadhani aliiba safari yangu. Muite jina lake, ajue yeye ni yeye. La pili, Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani njoo tufuturu. Usilete kitu. Njoo ukae.

Mama yako,
Hayat

*

Ruiru
9 Januari 1997

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa dukani na ikabidi Mbithe afunge mlango.

Nitakuja, kwa haki ya Mungu. Lakini Ijumaa ya kwanza nitakuwa bado safarini, watu wameshanilipa nguo za watoto za Idi na zisipofika sasa hazina maana. Narudi Jumatano tarehe 22. Ijumaa ya pili nitakuwa hapo kabla ya adhana, na nitakaa mpaka unifukuze. Ni wiki moja tu zaidi.

Mwanao,
Muzammil

*

Ruiru
27 Januari 1997

Dada Tausi,

Tumeketi chumba kimoja siku nne za matanga na hatukusemezana, kwa hivyo nimerudi kwenye karatasi. Hukuniuliza nilifikaje. Nataka ujue.

Jumanne Mbithe alinipigia simu hotelini saa tatu na nusu asubuhi. Alisema maneno yako kama ulivyomwambia, kwamba Mama amefariki alfajiri baada ya daku, na kwamba mnazika baada ya alasiri. Nilikimbia uwanjani bila mizigo. Ndege ya saa sita ilikuwa karibu imejaa. Watu waliokuwa wakingoja kiti walikuwa kumi na wanane, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Mbele kabisa alikuwa mtu wa Kisumu, anaitwa Opiyo. Alikuwa pale tangu jana yake, mkewe amelazwa, ameambiwa awahi. Nikatoa kadi. Yule mtu wa kaunta hakuuliza hata shida yangu. Alisema, "Karibu, Mister Muzammil," akamwambia Opiyo asogee.

Uliniuliza mwezi wa tisa kama nimewahi kuipima kadi hii. Ilifanya kila ilichoahidi, Tausi. Nilikuwa Nairobi saa kumi kamili, na nikiwa bado uwanjani mlikuwa mnaweka udongo. Nilipoingia uani watu walikuwa wanafuturu, na wewe ukanipa tende mkononi ukaondoka. Sikuwaza kuwalaumu kwa kutoningoja. Maiti haingojeshwi, hata mimi ningewaambia mzike. Ila namfikiria Opiyo. Alichelewa kwa ajili yangu na mimi nikachelewa vile vile, na sina njia ya kujua kama alimkuta mkewe.

Kadi mpya imekuja na posta ya leo. Ni yangu mpaka Desemba. Sijaivunja, sitaki nikudanganye kwa mambo makubwa. Nimeiweka kwenye droo na nimemwambia Mbithe mwezi huu na ujao sisafiri.

Hayat nilimuita kwa jina lake, nikiwa naondoka kwako. "Hayat," nikasema. Aliniuliza amekosa nini. Hajawahi kulisikia jina hilo mdomoni mwangu isipokuwa nikimgombeza. Nikamwambia hajakosa kitu. Nitaendelea mpaka alizoee.

Tata Wangeci alinisimulia jinsi Mama alivyokuwa akienda nyumba kwa nyumba na wewe nyuma yake na kiti. Nataka nifanye hivyo na mimi. Sisafiri popote, lakini nataka. Nitakwenda kwa Tata, kwa Mama Waceke, kwa Mzee Bedan, kwa wote waliosimama pale uani nikatazama saa. Niliyepaswa kuanza naye aliniandalia futari Ijumaa ile ya kwanza na sikuja. Kwa hivyo naanza na wewe.

Nisamehe, dada. Usinijibu kwa barua. Jumamosi nitakuja kwa miguu kutoka stendi, na kama bado hujawa tayari, acha mlango umefungwa, nitaelewa, nitaketi hapo nje.

Kaka yako,
Muzammil